Baba Aliyetembea

Komeo la mlango wa uani lililia gizani, taratibu, kama linavutwa na mtu asiyetaka kusikika. Mwinjilisti Owuor alifumbua macho. Masikio yake yalikuwa yamezoea kuokota sauti. Ndiyo kazi iliyomtoa kwao Mara na kumleta Buhongwa, akae na Wasukuma, ajifunze lugha yao, aandike hadithi za Injili kwa maneno wanayosemeana nyumbani. Komeo hilo alilisikia kila alfajiri. Mzee Luhaga, mwenye mji na mwenyeji wake, alikuwa akifungua njia ya ng'ombe.

Lakini ng'ombe hawakuwapo tena. Ngosha, mwanawe, aliwauza kwa siri akakimbilia machimbo ya dhahabu, akamwacha mkewe Hellen na binti yao mdogo. Tangu hapo jina lake halikutajwa mbele ya mzee.

Kulipokucha walikaa uani, kwenye kivuli cha jiwe kubwa. Siku hiyo gari la misheni lingepita kuchukua karatasi za Owuor kwenda kwa mpiga chapa. Ilibaki hadithi moja: ya kijana aliyetapanya mali ya baba yake, akarudi na njaa.

Hellen alileta uji, akapiga goti mbali kidogo na baba mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana. Mpe na huyu Mjaluo wetu, asije akasema Wasukuma tuna choyo."

"Uji usio na samaki, mzee? Haya, nitajitahidi," Owuor akasema, na Hellen akaficha kicheko kwenye kanga.

Owuor akasoma. Kijana alikuwa bado yuko mbali, baba yake akamwona, akakimbia…

"Hapo." Luhaga aliinua mkono. "Hapo si tulishakubaliana?"

"Nimejaribu tena, mzee."

"Mwenye mji hakimbii. Anakimbia akisikia yowe, ng'ombe wameibwa. Ukisoma hivyo kanisani wazee watauliza, kaibiwa nini? Kina mama watacheka. Andika: akainuka, akamwendea."

"Lakini yule baba alikimbia."

"Huko kwao. Hapa anatembea. Wewe mwenyewe ulituambia unataka hadithi iongee kama sisi."

Ni kweli alisema. Na bila neno la Luhaga, mzee wa kanisa aliyesikilizwa na wote, hakuna kanisa la upande ule ambalo lingekipokea kitabu; kingelala kwenye makasha, kisomwe na panya. Miaka yote aliyokaa kwenye vigoda vya watu, akiuliza hiki mnakiitaje, ingeishia hapo. Owuor akakata mstari mmoja, akaandika mwingine juu yake. Akainuka, akamwendea. Sentensi ilikaa kama chungu kilichooshwa: safi, na kitupu.

Alikuwa na desturi yake. Hadithi haikutoka mkononi mwake mpaka isimuliwe na mtu ambaye hajawahi kuisikia, karatasi ikiwa imefunikwa. Watu wazima walimshinda. Walikaririshwa katekisimu tangu utotoni, wakisomewa mara moja waliyarudisha maneno yote kama yalivyo, hata yale wasiyoyaelewa. Kwa hiyo akamwita Odeta, binti wa Hellen, aliyekuwa akimbembeleza mtoto wake wa gunzi. Akamsomea polepole. Akafunika karatasi.

"Haya mjukuu, nisimulie."

Odeta akasimulia. Kijana alichukua vitu vya baba yake, vikaisha. Akalisha nguruwe. Akataka kula chakula cha nguruwe, "lakini kinanuka." Akarudi. Baba yake akamwona.

"Halafu?"

Mtoto aliweka gunzi chini. Akafunga mikono nyuma ya mgongo, akatoa kifua, akavuka ua hatua kwa hatua. Akasimama kuukagua uzio, akakohoa, akaendelea. Alikuwa Luhaga mtupu, Luhaga wa kwenda ibadani. Hellen aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa haya.

"Loo!" mzee akasema, naye akicheka. "Ndivyo ninavyotembea?"

Odeta hakucheka. Alifika mlangoni pa ua akasimama.

"Akamwambia nini mwanawe?" Owuor aliuliza.

"Hakumwambia kitu. Amekasirika."

"Nani kasema amekasirika?" Sasa aliyeuliza alikuwa Luhaga.

"Si anatembea."

Kicheko kikamkauka mzee mdomoni. Kutoka barabara ya Shinyanga honi ililia, ndefu. Gari la misheni lilikuwa linakaribia. Owuor alishika kalamu bila kuandika. Kuhusu lile komeo la alfajiri hakusema neno. Mgeni hawaambii wenyeji anayoyasikia gizani. Aliutazama tu ule mlango, uliokuwa wazi kama kila siku, na macho ya Luhaga yakafuata yake. Hellen aliinamisha kichwa, akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Watacheka," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Watacheka, mzee."

"Kanisa zima."

"Zima."

Luhaga alinyoosha kidole chake kikavu juu ya karatasi, akakitembeza hadi kwenye mstari uliokatwa, akakiacha hapo.

Pale mlangoni Odeta alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akilitazama vumbi linaloinuka barabarani.

"Baba akija," alisema, "mimi nitakimbia."