Jina Chini ya Posa

Onésime Kambale alikosa mengi ambayo wazee wa rika lake huwa nayo. Hakuwa na magego upande wa kushoto, hakuwa na goti la kulia la kutegemea, wala usingizi wa kueleweka. Hakuwa na mke tena, maana Kahindo walimzika Huddinge, huku Sweden, mwezi ambao ardhi ilikuwa ngumu mpaka ikachimbwa kwa mashine. Hakuwa na nyumba kwao Butembo, Kongo, wala mtu wa kumwambia kama ilichomwa au kuna watu wanakaa ndani. Hakuwa na Kiingereza, ila kile kidogo cha kambini Uganda: panga mstari, subiri, rudi kesho. Na hakuwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Hili la mwisho hakuwahi kuliweka katika hesabu, kwa sababu alikuwa na Akili. Alianza kuliweka mwaka huu, Akili alipotaka kuoa.

Akili alikuwa mtoto wa Vénant, mdogo wake Onésime. Mama yake alikufa angali ananyonyesha. Vénant akamwacha mtoto kwa kaka yake na mfuko wa nguo, akasema anakwenda Goma kutafuta kazi, atarudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, vita vikaja, Vénant hakuja. Onésime na Kahindo ndio waliombeba yule mtoto mgongoni mpaka Uganda, na miaka mingi baadaye wakapanda naye ndege ya kuja Sweden. Akakulia Vårby gård, kitongoji cha kusini mwa mji. Sasa alikuwa dereva wa basi, mtu mrefu wa kuinama mlangoni, ambaye akikasirika alijibu kwa Kiswidi na akiwa na njaa alijibu kwa Kiswahili. Siku zote alimwita Onésime papa.

Binti aliyempenda aliitwa Muthoni. Baba yake, Zachariah Mwaura, Mkenya wa Tensta, alikuja mjini hapa akiwa mwanafunzi, akaoa, akazeekea hapa hapa. Onésime na Akili walipokwenda kujitambulisha aliwapokea kwa chai na mandazi, akawasikiliza vizuri, kisha akaweka kikombe chini.

"Mzee, sisi hatuna neno na kijana. Lakini posa ije kwa maandishi. Na iandikwe Kiingereza. Ndugu zangu wataisoma kule Murang'a, na Kiswahili chenu cha Kongo, mniwie radhi, nusu yake ni Kifaransa na nusu nyingine ni maombi."

Watu wa nyumba ile wakacheka. Onésime naye akacheka, ila cheko lake lilichelewa kidogo.

"Nitaiandika mimi mwenyewe," akasema.

Kwenye treni ya kurudi Akili alimwambia, "Papa, simu inaweza kuiandika barua hiyo sasa hivi, kabla hatujashuka."

"Kwani simu ndiyo inayoposa?"

Basi ndivyo alivyoanza masomo ya jioni kule Tumba, treni moja na basi moja, na goti lake likilalamika njia nzima. Mwalimu aliitwa Wilkister, Mkenya wa upande wa Kisumu, mama mwenye sauti nene na subira ya kutosha. Jioni moja aliandika ubaoni neno moja tu, would, akalipigia mstari.

"Hili ni neno la adabu," akasema. "Ukisema nataka, umeshaingia kwa watu na viatu mpaka kwenye zulia. Ukitumia hili, bado uko mlangoni unavua. Tena ni neno la mambo yaliyokuwa desturi zamani, na sasa hayapo. Tena ni neno la ninge: ningekuja, ningesema, ningelijua."

"Mwalimu," Onésime akauliza, "neno moja, kazi tatu? Halichoki?"

"Linachoka, mzee wangu, kama sisi sote. Haya, nipe mfano wa ile ya desturi."

Onésime akatunga, polepole, kwamba Kahindo alikuwa akimpashia maji kila asubuhi kabla hajaamka. Wilkister alimsahihisha mahali pamoja, akasema vizuri, asiulize Kahindo ni nani.

"Sasa ile ya ninge. Kila mtu aandike jambo ambalo angelifanya, lakini hakulifanya."

Wenzake waliinama wakaandika kama watu waliokuwa wakisubiri kuulizwa. Onésime alishika kalamu. Ukurasa ukabaki mweupe.

"Hujaelewa, mzee?"

"Nimeelewa. Nimechoka tu."

Wiki hiyo hiyo Akili alikuja nyumbani moja kwa moja kutoka kazini, koti la udereva mwilini. Akaketi mezani, asiguse chakula.

"Papa Vénant amepiga simu."

Vénant alikuwa Liège, huko Ubelgiji. Alikuwa amempata Akili kwenye mtandao miaka michache nyuma, na tangu hapo alipiga simu Krismasi, na mara nyingine Pasaka.

"Anasemaje?"

"Amesikia habari za posa. Anasema hiyo ni kazi ya baba mzazi, jina lake ndilo liwe chini ya barua. Anasema wewe ukiandika na yeye iko hai, ni kama unamuzika."

"Na wewe unasemaje?"

Akili akajibu kwa Kiswidi kwamba hajui. Akatazama sahani. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Sitaki mugombane juu yangu."

Onésime akala peke yake. Maneno ya Vénant hayakumuumiza sana, kwa kuwa yalikuwa na haki ndani yake. Kwao Butembo baba aliye hai harukwi, na Onésime alikuwa mtu wa kushika desturi. Ndiyo maana hata posa hakutaka iandikwe na simu. Kilichomuumiza ni ule sijui wa Akili. Akaona siku ya harusi jinsi itakavyokuwa: Vénant mbele na suti yake ya Ubelgiji, na yeye safu ya pili, mzee fulani mwenye fimbo, akiulizwa na wageni kama ametoka mbali.

Siku ya pili yake akaenda Tensta kumwuliza mwenye binti. Safari ya kutoka kusini mpaka kaskazini ya mji huu si mchezo kwa mtu wa goti moja. Alipofika alimkuta Zachariah peke yake, amevaa aproni, anaosha vyombo.

"Usinitazame hivyo," Zachariah akasema. "Mama Muthoni yuko kazini. Keti, mzee. Mbona umekuja bila kupiga simu?"

"Nina swali, na simu ingeniogopesha." Akamweleza yote, kuanzia mfuko wa nguo mpaka Liège.

Zachariah alifunga bomba la maji. "Kwani wewe si baba yake?"

"Ni baba yake mkubwa."

"Mimi siku zote hizi nilijua umemzaa. Anatembea kama wewe." Akajifuta mikono, akaketi. Kwa muda hakufanya mzaha wowote. "Sikiliza. Kwetu barua hii haiulizi nani alizaa. Nataka kujua shida ikija nampigia nani. Muthoni akirudi hapa na begi lake, analia, nani atakuja kukaa kwenye hicho kiti ulichokalia, tuseme nao wawili?"

Onésime akafungua mdomo.

"Usinijibu leo," Zachariah akamkata. "Kamuulize ndugu yako. Ujiulize na wewe pia, maana naona umechoka. Mtu akichoka anaruhusiwa kukataa. Sitakudharau."

Njia nzima ya kurudi alijiuliza. Ni kweli alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka tangu Uganda, na uchovu ule haukuwa wa kulala ukaisha. Kijana alikuwa mkubwa, ana kazi, ana funguo zake. Haikuwa dhambi kumkabidhi kwa Vénant aliyemzaa na kukaa dirishani. Treni ilipotoka chini ya ardhi na kuanza kupita juu ya maji, alishangaa kuona wazo hilo halimpi raha hata kidogo.

Jumamosi akampigia Vénant, Akili akiwa ameketi pembeni yake, na simu akaiacha wazi ili wote wasikie.

"Yaya," Vénant akasema, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao kwao. "Tusikuze hii maneno. Mimi ni baba yake."

"Hakuna anayekataa. Nakuuliza kitu kimoja. Hawa watoto wakikosana, na baba ya binti akipiga simu, utakuja?"

"Ningekuja, yaya."

"Utakuja?"

"Unajua kazi za huku. Wakinipa ruhusa ningekuja. Hata ile zamani ningekuja kumuchukua mutoto, ni makaratasi yalinikatalia. Ningetuma hata kitu kidogo, ila bibi niliyeoa huku naye..." Akaendelea. Onésime hakumkatiza. Alikuwa amejiandaa kukasirika, lakini sauti iliyokuwa inatoka kwenye simu ilikuwa sauti ya marehemu baba yao alipokuwa mgonjwa, na hasira ikakosa mahali pa kushika.

Mwishowe Vénant akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuwa na moyo kama wako, yaya, ningefanya kama wewe."

"Moyo sikuwa nao," Onésime akasema. "Mtoto alikuwa analia, basi. Jina lako nitaliandika ndani, kwamba ndiwe uliyemzaa. Hakuna wa kukuzika. Chini nitaandika langu."

Vénant akakohoa mbali na simu.

"Akili iko hapo?" Vénant akauliza.

"Niko, papa Vénant. Nimesikia. Utakuja kwenye harusi?"

"Nitajaribu."

"Sawa. Kiti kitakuwepo." Akili akazima simu, akaisukuma mbali mezani. Akamgeukia Onésime. "Papa, andika."

"Sikutaka uchague."

"Sikuchagua. Nimesema uandike. Halafu, iko chakula?"

Aliandika kwa siku kadhaa, akifuta na kurudia, kisha akaipeleka rasimu Tumba. Wilkister aliisoma amesimama, miwani kwenye ncha ya pua. Mle ndani Onésime alisema angependa kumwomba Bwana Mwaura binti yake Muthoni kwa ajili ya Akili, aliyezaliwa na Vénant na kulelewa na yeye Onésime na marehemu Kahindo. Alisema Kahindo angefurahi kumwona binti huyo. Na mwisho aliandika nambari yake ya simu, akasema Bwana Mwaura akiita, atakuja.

"Lile neno umejua kulitumia," Wilkister akasema. "Hapa mwisho tu, ungeliweka tena, sentensi ingekuwa laini zaidi."

"Hapo acha, mwalimu. Niombe nini tena, na nimeshaomba juu?"

"Basi mzee, ni barua yako." Akamrudishia. "Huyo Mwaura ana bahati. Baba yangu alipata posa yangu kwa ujumbe wa simu, na makosa juu yake."

Akili alitaka kuipeleka Tensta kwa mkono. Onésime akakataa. Barua ya mkononi huulizwa maswali mlangoni, akasema, na mwenye kuileta huanza kujibu yasiyomo. Akainakili kwa mwandiko safi, akaweka jina lake chini, lote, na la ukoo. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba gundi iliyokuwa chungu kama dawa, na akaibana mezani kwa ngumi mpaka mkono ukamuuma. Kisha akavaa koti, akateremka taratibu akishika ukuta, akanunua stempu kwenye duka la kituoni, akaibandika, na akaisukuma barua ndani ya sanduku la posta mpaka akaisikia ikianguka.