Dada wa Mtawa

Somchit alivaa joho la utawa wa Kibudha kwa ajili ya mama yake. Mama huyo, Sengdao, alishalitangaza jambo hilo sokoni mpaka wauza samaki wakachoka: "Mwanangu wa kiume ananichumia thawabu. Nikifa nashika pindo la joho lake, moja kwa moja peponi!"

Latsamy, dada mtu, mshona mashati wa kiwandani mjini, alikuwa akimcheka. "Na mimi, mama, utashika nini? Sindano?"

Asubuhi moja yeye, mama na mjomba walipeleka chakula hekaluni, wakakaa mkekani pembeni kuwatazama watawa wakila. Somchit hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana mchana, maana watawa hawali baada ya adhuhuri. Akabugia tonge la wali wa kunata, mara kimya. Akajishika koo. Macho yakamtoka.

Latsamy aliijua hiyo. Kiwandani walifundishwa: mkumbatie mtu kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu. Akaruka.

"We! Usimguse!" Mama akamdaka sketi. "Mwanamke na mtawa? Unataka kumwaga thawabu zake zote?"

"Mama, amekabwa!"

"Mjomba wako yupo!"

Mjomba Khampoun alikuwepo kweli, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Akampigapiga Somchit mgongoni kama anakung'uta vumbi la mkeka, halafu akaleta maji. "Kunywa, mheshimiwa, kunywa." Maji yakarudi puani.

"Mjomba, siyo hivyo! Mshike kwa nyuma!"

"Mtoto wa juzi, usinifundishe!"

Latsamy angeweza kumpiga kikumbo. Sketi angeiacha ichanike. Lakini hekalu zima lilikuwa linamtazama yeye, na miguu ikamgomea. Somchit akadondoka.

Hapo ndipo ujasiri ulipokuja, kama mgeni anayefika sufuria zimeshaoshwa. Akamsukuma mjomba huko, akamlaza mdogo wake chali, akamkandamiza kifua, tena na tena, huku analia na kutukana. Tonge likachungulia mdomoni. Akalitoa kwa vidole. Somchit akavuta pumzi moja, ya kukwaruza.

"Aibu gani hii," mwanamke mmoja akanong'ona.

Mtawa mkuu alikuwa ndiyo kwanza anafika mbio kutoka chumbani kwake. "Aibu ipi? Kinachokatazwa ni tamaa. Dada anayemwokoa nduguye ana tamaa gani? Mlikuwa mnangoja nini?"



Somchit yu hai. Hospitali walisema ubongo ulikaa sana bila hewa. Analishwa uji, anatazama ukuta, ukimwita hageuki. Latsamy aliacha kiwanda, akarudi nyumbani kumgeuza kitandani. Sasa anamgusa kutwa nzima, na hakuna anayemkataza.

Juzi mama alikuwa anamfuta Somchit mate, akasema bila kuinua uso, "Ulijua cha kufanya."

"Nilijua, mama."

"Sasa kwa nini ulinisikiliza?"

Latsamy akaokota bakuli la uji, akaenda kuliosha.