Mwenye Mkate Alipoomba Kazi

Kiwanda cha mikate cha Oteng Phatshwane kilipofungwa, watu wa Mahalapye, mji wa reli nchini Botswana, walikuja kumpa pole kana kwamba amefiwa. Walikaa uani kwenye viti vya kukunja, wakanywa chai, wakasema maduka makubwa hayana utu. Siku hizi kila duka lina tanuri lake, nani tena atanunua mkate wa mtu baki? Oteng aliitikia kila pole kwa heshima. Wageni walipoondoka na vikombe vikaoshwa, ukimya uliingia ndani ya nyumba ukakaa kitako.

Mtu huyu alikuwa ameanza na sufuria moja ya magwinya, maandazi ya moto aliyowauzia abiria wa treni kupitia madirishani. Akapanda taratibu mpaka akawa na magari yenye jina lake ubavuni na watu arobaini wanaomwita bosi. Sasa hakuwa na pa kwenda, lakini mwili haukuwa umepata habari. Aliamka kabla ya jogoo kama zamani, akavaa suti, akafunga tai, kisha akaenda kukaa ndani ya gari lililoegeshwa uani, mikono juu ya usukani.

Mkewe, Mma Tshiamo, yaani Mama Tshiamo kama Oteng alivyokuwa Rra, Baba Tshiamo, alimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alimwachia wiki ya kwanza, akamwachia na ya pili. Mwezi ulipokatika alibeba vikombe viwili vya chai, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Haya, Rra Tshiamo. Leo tunakwenda wapi?"

"Popote."

"Basi nipeleke kwa Boitshepo. Anatafuta mtu wa kukanda unga."

Oteng akageuka. "Boitshepo yupi?"

"Unamjua. Uliyemfundisha mwenyewe."

"Yule msichana aliyekuwa akiosha trei zangu?"

"Msichana ana watoto watatu na duka la mikate karibu na stendi. Mkandaji wake kahamia Gaborone."

"Kwa hiyo unataka nikampigie magoti Boitshepo?"

"Nataka ushuke kwenye hili gari. Nimeishi na mwanamume anayenukia hamira tangu siku ya harusi. Sasa ananukia viti."

Oteng alicheka bila kutaka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini mkewe alikidaka kama mtu anavyodaka sarafu inayobingirika.

Boitshepo alipomwona akiingia, alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka nyuma yake. "Bosi! Rra, karibu. Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuomba kazi, Mma. Nasikia unataka mkandaji."

Mwanamke yule alimtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone. Akainua kiti, akamsogezea yeye. Oteng akakirudisha upande wake wa meza.

"Kaa wewe. Anayeajiri ndiye anayekaa."

"Nitakutumaje, Rra?" Boitshepo aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi hata kukuambia 'lete chumvi' nitashindwa."

"Utazoea. Na mimi nitazoea."

Hili la pili alilisema kwa urahisi kwa kuwa hakulijua.

Mikono yake haikuwa na tatizo. Ilipougusa unga, ilikumbuka kila kitu, na asubuhi ya kwanza alirudi nyumbani amechoka kwa ule uchovu mtamu aliokuwa ameusahau. Tatizo lilikuwa mdomo. Rafu zilikuwa zimepangwa ovyo. Kwangu tulikuwa tunapanga hivi. Trei zinachelewa kukauka. Kwangu tulikuwa tunazisimamisha. Hata namna wenzake walivyofunga aproni ilimkera. Sethunya, dada mmoja mchangamfu aliyesimamia tanuri, hakukawia kumpa jina.

"Kwangu Tulikuwa!" aliita mbele ya wote. "Nipitishie kile kitambaa, tafadhali."

Jikoni pakalipuka kicheko. Oteng alimpitishia kitambaa, masikio yakimwaka moto. Boitshepo alijifanya anatafuta kitu kabatini. Kila alipotaka kumwambia jambo mkandaji wake, alianza na "samahani, Rra," akamaliza na "lakini si lazima."

Kisha ikaja harusi ya kina Seabelo. Walitaka mikate midogo ya kutosha uwanja mzima wa wageni, ichukuliwe jioni ileile. Asubuhi mtoto mdogo wa Boitshepo akaamka na homa. Kabla ya kumpeleka zahanati alimwachia Oteng maagizo: hamira kidogo, maji baridi, unga uachwe uumuke polepole, kwa sababu joto la mwezi ule halikuwa la mchezo.

Boitshepo alipotoka tu, Oteng akaangalia saa ukutani, akautazama ule unga uliolala.

"Huu utatuchelewesha," alisema. "Ongezeni hamira. Na maji yawe ya uvuguvugu."

"Mma kasema baridi," Sethunya akamkumbusha.

"Binti yangu, nilikuwa nakanda mkate wewe hujazaliwa."

Wakafanya alivyosema. Unga ukaumuka kwa pupa, ukafurika kwenye kingo za beseni, na ulipoingia tanurini ukanywea. Mikate ikatoka imelala, michachu, bapa kama kandambili. Boitshepo aliporudi, mtoto mgongoni na dawa mkononi, alizikuta trei zimepangwa mezani na watu wamezizunguka.

"Nani kaamua hivi?"

Sethunya akainua macho akachunguza dari.

"Mimi," Oteng akasema.

Boitshepo alimkabidhi Sethunya mtoto. "Rra, tutoke nje."

Walisimama nyuma ya duka, penye makreti matupu. Boitshepo aliingiza mikono ndani ya aproni.

"Siku zote nimekuogopa," alianza. "Leo sikuogopi, nimekasirika. Hili duka ni langu. Nimelianza na hofu, naliendesha na hofu, lakini ni langu, na kina Seabelo hawakuagiza mkate kwako. Ukiwa na la kunifunza, nifunze nikiwepo, nitasikia, na nitashukuru. Nisipokuwepo, fanya nilivyosema. Ukishindwa hilo, Rra, itabidi turudi kuwa watu wa kuamkiana barabarani tu." Akavuta pumzi. "Nimemaliza."

Hakuna aliyemkemea Oteng hivyo tangu ujana, na aliyasubiri machungu yapande kifuani. Kilichopanda kilikuwa uso wa Rra Moswela, msimamizi wake wa miaka yote. Mzee yule alikuja ofisini siku moja, kofia mkononi, akamwomba asinunue tanuri kubwa jipya wakati maduka yanaanza kujiokea. Oteng alimwacha aongee amesimama, kisha akamwambia hapa anayeamua ni mmoja. Tanuri likaja. Maduka yakaondoka. Mbele ya waombolezaji wote wale, yeye aliitikia tu kwamba maduka ndiyo yaliyomuua.

"Umesema kweli," akamwambia Boitshepo. "Nisamehe, Mma."

Ndipo Boitshepo akaanza kulia. "Nilidhani nikikukaripia ardhi itapasuka!"

"Bado imara. Tazama." Akaikanyaga mara mbili kwa kiatu chake chenye unga, na mama yule akajikuta anacheka na machozi yake. "Sasa niambie tuanzie wapi. Jua halitusubiri."

Waliingia wakakanda upya. Mashine haikutosha, wakatandaza unga mezani na kila mwenye mikono miwili akaitumia. Safari hii Oteng aliuliza maji yawe baridi kiasi gani, na alipoambiwa alikwenda kuyaleta. Mtoto alilala juu ya magunia homa ikishuka. Mikate ya mwisho iliondoka ikiwa moto ndani ya mashuka safi, harusi ikiwa imekwisha kuanza kuimba.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote, hata habari ya Rra Moswela.

"Nilijua," Mma Tshiamo akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa kwenye simu."

Jumapili walikwenda wote wawili kwa Rra Moswela. Mzee alikuwa akimwagilia mchicha. Oteng alivua kofia, akasema alichokuja kusema, akiwa amesimama. Moswela alimsikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mgongo, akasema, "Lilikuwa tanuri zuri lakini," na wakaingia ndani kula.

Mwaka uliofuata shule ya sekondari ilimwalika Boitshepo awaeleze wanafunzi namna ya kuanzisha kampuni. Alikataa kwenda peke yake. Aliongea yeye kwanza, akiwa ameshikilia meza, juu ya unga na wateja na watoto. Kisha akamgeukia Oteng, na msichana wa mstari wa mbele akamwuliza bila kupepesa macho:

"Rra, ulikuwa na kampuni yako mwenyewe. Kwenda kuajiriwa na uliyemwajiri, hukuona haya?"

Mwalimu alikohoa. Oteng akamwashiria amwache.

"Niliona. Siku ya kwanza nilipita uchochoroni nisionekane, nikakutana na nusu ya mji, kumbe wote wanapita huko." Darasa likacheka. "Haya ni kama kiatu kipya, binti yangu. Ukikivua ukakaa nyumbani, kesho kitakubana vilevile. Ukitembea nacho, kinalegea. Mimi nilipokuwa bosi nilidhani nimemaliza kujifunza. Watu walikuwa wakinifundisha kila siku, nami nimeziba masikio. Nilikuja kuyazibua pale nyuma ya duka la huyu mama, baada ya kumharibia mikate ya harusi."

"Aliiharibu kweli," Boitshepo akathibitisha. "Ilikuwa kama kandambili."

Oteng alikaa kwenye duka lile mpaka magoti yakakataa kusimama, na hata hapo Boitshepo alimtengenezea kiti kirefu kando ya meza, awafundishe wakandaji wapya. Walikuwa wengi, maana duka lilikuwa limeshazaa la pili. Jina la Kwangu Tulikuwa halikumtoka, naye alishaanza kuliitikia. Jioni alirudi kwa miguu, na Mma Tshiamo akampokea mlangoni, akamwinamisha kichwa, akampangusa unga kwenye nyusi kwa ncha ya kanga.