Kobe Ameshafika

"Mama, Kobe wa pili anatoka lini?"

Kila asubuhi swali ni hilo hilo, hata mswaki ukiwa mdomoni. Mama mtu ndiye aliyemchora Kobe wa mchezo wa simu ulioitia kampuni yao midomoni mwa watu, na alishajikaanga mwenyewe kwa kumwahidi binti yake: anatoka, mwanangu.

Sasa alikuwa mbele ya bosi, ambaye wote wanamwita Shangazi. Hapo kazini, anayetaka kuendeleza mchezo uliovuma huuleta mezani bila picha hata moja: karatasi na vizibo vya soda tu. Ukinoga hivyo hivyo, unatengenezwa.

Shangazi akasogeza kizibo. Akavuka mto uliochorwa karatasini, akapanda kilima.

"Kwenye ule wa kwanza nilifanya nini?"

"Ulivuka mto, Shangazi. Ukapanda kilima."

"Na huu?"

"Huu... kilima ni kirefu zaidi."

"Na kizibo ni cha chungwa," akachomekea fundi wa programu, asiyekosa neno.

"Wewe nyamaza!" Shangazi akamgeukia mama. "Mwanangu, watu watanunua, najua. Lakini ule wa kwanza ulipoisha, Kobe nilimwacha mlangoni kwa mama yake. Nimtoe pale nimpoteze tena, kwa kosa gani?"

Mama alirudi nyumbani na vizibo kwenye leso. Binti alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni.

"Kobe harudi, mwanangu. Nilikuahidi haraka mno. Nisamehe."

Midomo ya mtoto ikaanza kucheza.

"Alikuwa anamtafuta nani?" mama akauliza.

"Mama yake."

"Tukimpa safari nyingine, lazima kwanza apotee."

"Basi akae na mama yake." Mtoto akavuta leso, akavimwaga vizibo juu ya shuka, akainua goti polepole. Vizibo vikateleza. "Hawa ni wengine. Wamekaa kwenye mgongo wa jitu lililolala. Usiwaguse, mama! Sogeza mgongo tu."

Mama akaingiza mkono chini ya shuka. Akainua kidole hapa, akashusha pale. Kizibo kimoja kikajikokota, kikasita, kikakaribia mto wa kulalia. Mguu wa mtoto ukashtuka, vyote vikaporomoka sakafuni, wakacheka hadi machozi.

"Tena!"

Aliyesema ni mama, tayari yuko uvunguni anaviokota.