Ghorofa la Kasolwa

Emelyne hakuwa mwongo. Alikuwa mfanyabiashara, na hayo mawili hufanana kwa mbali tu, ila siku ile ya mwezi wa sita, mbele ya wazee wa Kasolwa, yalisogeleana mno.

Kasolwa ni kijiji cha kale huko pande za Ugalla. Handaki lililochimbwa enzi za rugaruga, wale wapiganaji wa watemi, bado linakizunguka, ingawa siku hizi wanaolivamia ni mbuzi tu. Katikati ya kijiji palisimama nyumba ambayo watu waliiita Ghorofa, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Mtemi aliijenga miaka ya thelathini: kuta za matofali ya kuchoma zenye unene wa mkono mzima, matao sita barazani, paa la vigae vyekundu, na ndani ngazi ya mninga iliyopanda hadi juu. Mtemi akafa, utemi ukafutwa, watoto wakatawanyika. Nusu ya vigae ikaporomoka. Popo wakahamia chumba cha mtemi, wala hakuna aliyewadai kodi.

Emelyne aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Alikuja na baba yake kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba kuuza maharage, na mjane wa mtemi akawapa maji barazani, kisha akamruhusu mtoto apande juu. Hakuwahi kupanda ngazi maishani mwake. Alifika juu, akashika dirisha, akaona msitu wote mpaka mtoni, akagoma kushuka hadi baba yake akamfuata. Kwao Katumba hapakuwa na kitu chochote kilichomzidi baba yake umri. Nyumba yao ya udongo ilijengwa upya mara tatu, na mababu walizikwa Burundi, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumwonyesha. Hata siku alipopewa cheti cha uraia, furaha yake iliingia doa kidogo alipoona jinsi karatasi ile ilivyokuwa mpya. Alitaka kitu cha zamani katika nchi hii, na kiwe chake.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na moja. Alinunua asali kwa wafuga nyuki wa Ugalla na kuiuza Mpanda mjini, binti yake Glory alikuwa amemaliza chuo, na uwezo ulikuwepo. Aliposikia kwamba Isidori, mjukuu wa mtemi aliyebaki peke yake kijijini, anauza Ghorofa pamoja na kiwanja chake, alikwenda wiki hiyo hiyo.

Lakini hakusema alichokitaka. Nani anasema? Ukienda kununua mbuzi, kwanza unamwambia mwenyewe kwamba mbuzi wake anakohoa. Tena palikuwa na jambo jingine, na hili hakumwambia hata mumewe: aliogopa. Alijua namna watu wanavyoweza kusema, kwamba mkimbizi wa jana leo anataka kulala chumba cha mtemi. Basi akazunguka lile jumba akiwa amekunja uso, akapiga ukuta teke, akawaambia wazee kwamba yeye haja yake ni kiwanja.

"Hili gofu ni mzigo tu," alisema. "Kulibomoa kutanimaliza. Na mimi mgeni hapa, nani atanisaidia?"

Akashusha pumzi ili aonewe huruma. Isidori, mzee mrefu wa maneno machache, alimwangalia kwa muda, akamuuliza kama kweli hataki hata kuta. Emelyne akasema kuta za nini, baba, na nyoka wote hawa. Isidori akapunguza bei bila kubishana. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Telesfori, akagonga muhuri, na njia nzima ya kurudi Mpanda Emelyne alikuwa akicheka peke yake kama mwendawazimu.

Wiki saba zilizofuata alizitumia vizuri. Binamu yake Arcade, fundi aliyefundishwa na baba yake namna ya kujenga kwa chokaa, alifyatua na kuchoma vigae kule Mwamkulu, akifuatisha kimoja ambacho Emelyne alikiokota barazani na kukificha kwenye mkoba. Kasolwa hakuna mtandao wa simu, kwa hiyo hakumpigia mtu na hakupigiwa. Mwezi wa nane ulipofika alikodi Fuso, akapakia vigae na mifuko ya chokaa, akakaa mbele kati ya dereva na Arcade.

Kuna kona kabla ya kushuka bonde la Kasolwa ambapo kichwa cha Ghorofa huonekana juu ya miti. Emelyne alimwambia Arcade akae tayari, aone mwenyewe. Wakakata kona. Miti ilikuwepo, na juu ya miti palikuwa na mbingu.

"Dada, tumekosea njia?" Arcade aliuliza.

Emelyne aliinama mbele hadi paji la uso likagusa kioo. Alijiambia labda ni kona nyingine, labda ni vumbi. Gari likavuka handaki, na hapo ndipo vigelegele vilipoanza.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Wanaume walikuwa vifua wazi, wamejaa vumbi jekundu kichwani hadi nyayoni, wamebeba mitaimbo na nyundo. Wanawake walikuwa kwenye masufuria. Pale palipokuwa na Ghorofa palikuwa na uwanja mweupe, umefagiwa mpaka unaona njia za ufagio, na pembeni matofali yamepangwa kwa nidhamu, mazima huku, vipande kule. Emelyne alishuka kwenye gari macho yamemtoka pima. Alitafuta matao sita kwa macho, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya ajali.

Mzee Telesfori, ambaye kwa heshima ya siku hiyo alikuwa amevaa shati safi, akamshika mkono. Alieleza kwa kirefu, maana ni mtu anayependa kueleza. Baada ya Emelyne kuondoka ile siku ya mauzo, wazee walikaa wakasema huyu mama amesema kweli, gofu litammaliza, naye hana ndugu hapa. Basi ukaitwa msaragambo. Kaya zote zilitoa mtu. Siku nne walibomoa, siku mbili walipanga matofali, na asubuhi hii, walipomaliza kufagia, wakachinja mbuzi wa kufungia kazi.

"Mama Glory, msaragambo hatumfanyii mgeni," alisema Telesfori. "Tangu leo usiseme tena wewe mgeni. Sisi ndio nduguzo."

Watu wakapiga makofi. Emelyne alisikia maneno ambayo tangu utotoni alikuwa akiyatamani kutoka kwa mtu yeyote wa nchi hii, na akatamani kulia, na hakujua analilia kipi. Ulimi umemponza. Hakuna aliyemwibia, hakuna aliyemdhulumu. Alichokiomba kwa mdomo wake mwenyewe ndicho alichopewa, tena kwa moyo mweupe. Arcade alifungua kinywa kusema neno, Emelyne akamminya mkono mpaka fundi wa watu akakunja uso.

Alikaribishwa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na moto na sufuria kubwa ya nyama ya mbuzi. Akatazama moto ili asitazame ule uwanja. Kuni zilikuwa pana, bapa, nyekundu kwa ndani, na moja ilikuwa bado haijashika vizuri. Upande wake mmoja ulikuwa umelika katikati, laini, unang'aa, kwa nyayo za watu wa miaka tisini. Emelyne aliijua kabla akili yake haijakubali. Ilikuwa ngazi.

"Mninga unatoa moto mzuri sana," mama mmoja alimwambia kwa fahari, na kumjazia sahani.

Alikula. Hilo ndilo jambo ambalo Arcade hakuweza kumsamehe siku ile, wala kulielewa. Alikaa na ndugu zake wapya akatafuna nyama iliyoiva kwa ngazi ya mtemi, akasema asanteni, Mungu awabariki. Angewaambia nini? Kwamba siku sita za jasho lao zimemuua? Aliapa moyoni kwamba siri hii atakufa nayo, atajenga nyumba ya bati la rangi kama watu wengine, basi.

Ndipo akamwona Isidori. Alikuwa amekaa mbali na wenzake, juu ya rundo la matofali, vumbi jekundu limekauka kwenye mikunjo ya uso wake. Sahani yake haikuguswa. Emelyne akaona ni utovu wa adabu kutomsalimia mtu aliyemuuzia, akaenda akaketi kando yake, akampa shikamoo. Isidori akaitikia. Wote wawili wakatazama uwanja.

"Mama Glory, nikwambie kitu, usinicheke," Isidori alisema. "Mwaka jana nilizunguka kwa ndugu zangu wote, Tabora mpaka Mwanza. Natafuta mmoja tu wa kuisimamisha hii nyumba. Wote wakasema niuze. Wewe ulipokuja, nikamwomba Mungu useme unataka kuitengeneza. Nilikuuliza kabisa kama hutaki hata kuta. Ungesema unazitaka, ningekupa bure, na kiwanja chake."

Kiapo alichokula Emelyne dakika chache zilizopita kikavunjika chenyewe.

"Nilizitaka," alisema. "Baba, nilizitaka tangu nina miaka tisa. Nilisema vile nipunguziwe bei. Niliogopa mtanicheka, mkimbizi na nyumba ya mtemi. Lile gari lote ni vigae vyake."

Isidori aligeuza shingo taratibu, akalitazama Fuso, kisha akamtazama yeye. Hakukasirika. Emelyne alisubiri akasirike, ingekuwa nafuu.

"Hapa kwetu nyumba haibomolewi mpaka mtoto wa nyumba aanze," Isidori alisema. "Nilikataa siku tatu. Halafu nikajiambia, mwenye mali ameshasema haipendi, basi afadhali ifie mikononi mwangu. Nyundo ya kwanza nilipiga mimi."

Alifungua viganja vyake, akavitazama. Vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Kule uwanjani mzee Telesfori alikuwa ameshika kamba na vigingi, anaita kwa furaha, Mama Glory aje awaonyeshe msingi uanzie wapi. Watu walikuwa wamesimama wanasubiri. Hakuna aliyeinuka, si Emelyne, si Isidori.