Koti la Begi Moja

Mwaka 2009, mwishoni mwa kiangazi, binti pekee wa fundi cherehani alimaliza chuo, akatangaza kwamba kabla ya kuanza kazi angezunguka nchi tatu jirani peke yake, kwa mabasi, kwa akiba aliyoipata kwa kuwafundisha watoto wa majirani hesabu. Mama yake, yule fundi, hakumkataza. Kilichomuuma si safari. Kilichomuuma ni kwamba binti aliyemfundisha yeye mwenyewe kutembea, kula na kusema, alikwenda kumwuliza mtu mwingine namna ya kusafiri.

Mtu huyo alikuwa mdogo wake fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Begi Moja. Alikuwa amefika nchi kumi na moja kwa mshahara wa karani wa bohari, na hakuna aliyewahi kumwona na mzigo wa pili. Alipoketi kwenye kibanda cha fundi na kuanza kusimulia, hata wateja waliokuja kuchukua nguo zao walisahau kuondoka. Fundi aliikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

"Mji mgeni uingie jua likiwa juu," Begi Moja alisema, na binti akaandika. "Gesti usianze na bei. Omba kuona choo na komeo la mlango. Ukiridhika, ndipo mzungumze bei. Nauli usimwulize kondakta. Mwulize mama mwenye mtoto mgongoni. Huyo hana muda wa kukudanganya."

"Na chakula, mama mdogo?"

"Kula penye foleni, na kiwe kinatoka mvuke. Maji, chemsha, au nunua chupa usikie kizibo kikilia."

"Mimi nilimwambia achemshe maji tangu ana miaka minne," fundi alidakia. "Sikuona kalamu."

"Mama naye!" Binti akacheka, wala hakuandika.

"Pesa igawe mafungu matatu," Begi Moja aliendelea. "Ya siku mkononi, ya wiki kiunoni, na noti za kigeni, za viza na za dharura, zikae humu." Akavua koti lake la kaki. Ndani, chini ya kwapa, palikuwa na mfuko uliofungwa kwa kifungo kimoja. "Kinafunguka kwa kidole gumba, bila kutazama. Mpakani ndipo utakapoona faida yake, maana basi halina subira."

Binti alilivaa papo hapo, akajigeuza mbele ya kioo cha wateja. "Mama mdogo, nafanana na wewe hasa!"

Fundi aliuma uzi, akautema. "Mikono ni mirefu. Liache nilipunguze."

Kesho yake binti aliweka noti na kadi ya chanjo katika mfuko ule, akaliacha koti, akaenda benki. Fundi alifupisha mikono kwa unadhifu usio na mfano. Kisha akakitazama kile kifungo kwa muda mrefu. Akakikata, akapitisha mshono wa mashine mara mbili juu ya mdomo wa mfuko, kwa uzi wa kushonea magunia. Alijiambia kwamba alikuwa akimkinga mwanawe na wezi. Uongo huo ulidumu mpaka alipoukata uzi. Alikusudia kumwambia binti habari ile kabla hajaondoka. Lakini asubuhi ya safari binti alimkumbatia Begi Moja kwanza, na fundi akanyamaza.

Siku ya pili, alasiri, simu ya fundi ililia. Begi Moja, ambaye hakuwa na zamu siku hiyo, alikuwa ameketi papo hapo kibandani. Fundi alikuwa ameshika pini mikono yote miwili, akaiweka simu kwenye spika.

"Mama, nimeachwa na basi!" Binti alikuwa akilia. "Koti la mama mdogo limeniponza. Mfuko umeshonwa! Nimefika dirishani, afisa anataka noti, sina pa kuingizia kidole. Nimerarua bitana kwa meno, mama, mbele ya foleni nzima, noti zikamwagika chini. Mpaka nagongewa muhuri, basi limekwenda na begi langu. Na kuna wanaume wawili waliziona noti, hawanibandui macho. Mama mdogo usimpe simu! Kujifanya anajua kila kitu, kumbe hata koti lake halijui."

Begi Moja alimtazama dada yake. Koti lile alilijua kama kiganja chake, na sasa alijua ni nani aliyeushona mfuko. Aliinama sikioni mwa fundi, akanong'ona, "Mwambie akae karibu na dirisha la maafisa, asitoke nje."

Fundi akalisema.

"Amtafute mama anayekwenda upande uleule, wapande basi pamoja. Tiketi ina namba ya simu ya kampuni. Apige, wamshushie begi kituo kikuu."

Fundi akayasema hayo nayo, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu aliyevuka mipaka mia.

"Ngoja, mama, niandike," binti alisema. Kilio kilikuwa kimekatika. "Kumbe mama wewe unajua! Mimi nilikuwa nahangaika na watu wa nini?"

Neno hilo fundi alikuwa amelingoja miaka mingi. Lilipomfikia, mdogo wake alikuwa amepiga magoti akiokota pini zilizoanguka, kama mtu ambaye hakusikia kitu. Lau angegomba, fundi angepata la kumjibu. Hakugomba.

"Mwanangu," fundi alisema, "koti halikuwa na kosa. Kifungo nilikikata mimi. Mfuko niliushona mimi."

"Wewe? Kwa nini, mama?"

"Kwa wivu. Ulisema unafanana naye. Na haya uliyoyaandika sasa hivi, yeye ndiye aliyekuwa akininong'oneza. Mimi mpaka wa nchi sijawahi hata kuuona kwa macho."

Fundi aliizima spika, akaishika simu kwa mikono miwili, akamwinamia mdogo wake.

"Pokea, mdogo wangu. Mwenye haki ya kuzungumza naye ni wewe."