Ruhusa Ilipofika

Moyo wa Turkiya ulikuwa mbovu tangu utotoni. Akiwa msichana mdogo, Bujumbura, alipata homa ya viungo iliyomlaza masika mazima, na ilipomwachia ilimwachia mlango mmoja wa moyo uliokakamaa, haufunguki vizuri wala haufungiki. Baba yake aliwarejesha Omani watoto wake wote katika miaka ya sabini, wakashukia Ibra kwa ukoo wao. Huko Turkiya akasoma mpaka akawa mwalimu wa Kiarabu katika skuli ya wasichana. Sauti yake darasani ilifika mpaka uani. Wanafunzi walisema Ustadha Turkiya akisoma shairi hata njiwa wa ukutani hutulia. Ila ngazi za skuli alizipanda kwa kupumzika katikati, mkono ukutani, akijifanya anasubiri mtu.

Alimzaa Wijdan, akamzaa Osama, na uzazi wa pili nusura uondoke naye. Daktari wa moyo kule Maskati alimwambia mumewe, Khattab, yeye mwenyewe akisikia: "Huyu asizae tena. Akishika mimba msingojee." Khattab akaitikia kwa kichwa. Toka siku hiyo Turkiya alimeza vidonge vyake kama aswaliye, bila kuruka. Lakini mwaka wa 1998, Idi ilipopita, alihisi kichefuchefu anachokijua, na vipimo vikathibitisha.

Alikwenda hospitali ya mkoa yeye na Khattab. Daktari wa moyo pale alikuwa Bassam, mtu wa Sham, yaani Siria, mpole, mwenye mkataba wa kila mwaka. Alimsikiliza kifua muda mrefu, akavua miwani.

"Dada yangu Turkiya, mimba hii ni hatari kwa maisha yako. Sheria inaruhusu itolewe kwa sababu kama hii. Na bado ni changa."

"Basi itoe," alisema Turkiya. Alishangaa jinsi neno lilivyomtoka jepesi. Alikwisha lilia usiku wa kuamkia siku ile, akamaliza.

Bassam akamtazama Khattab badala yake. "Si mamlaka yangu. Jambo hili linaamuliwa na kamati, Maskati. Mimi ninapeleka maelezo tu."

Walipotoka, Turkiya alisema ndani ya gari, "Anajua ni hatari. Kasema kwa mdomo wake."

"Kasema," alijibu Khattab. "Lakini mtu akisema si sawa na akiamua." Khattab alikuwa mtumishi katika ofisi ya serikali ya mji, anajua mambo ya ofisi. Alikuwa mume mwema kwa namna yake: hapigi, hakaripii, nguo za watoto hununua yeye. Kitu kimoja tu kilimtia hofu duniani, nacho ni jina lake kutajwa na mkubwa kwa ubaya.

Ijumaa iliyofuata walikwenda Nizwa kwa Mahrous, kaka mkubwa wa Khattab. Mahrous, kama nduguye, alikulia Bujumbura pia, na alifanya biashara ya vipuri vya magari. Mtu wa sauti kubwa na ukarimu mkubwa zaidi. Sinia la wali na nyama ya mbuzi lilipoondolewa, Turkiya, ingawa miguu ilikuwa imeanza kumvimba, alileta birika la kahawa, akawamiminia. Mahrous akapokea kikombe.

"Nimemuuliza shekhe," alisema. "Kaniambia wazi. Kabla ya miezi minne, roho haijapulizwa, na tabibu mwaminifu akisema mama anakufa, basi maisha ya mama yanatangulia. Dini haikumfungia mlango, yakhe. Waliomfungia ni hao wa Maskati. Wao wanamjua Turkiya? Wamemsikia anavyopumua? Kila mkoa ungekuwa na hukumu yake, mambo haya yangekwisha asubuhi moja. Hapa Nizwa tungeamua wenyewe."

"Hapana, kaka," alisema Khattab. "Mambo ya roho hayawezi kuwa hivi Nizwa na vile Sur. Mwanamke wa Bahla aruhusiwe, wa Qalhat akatazwe, kwa sababu ya nini? Ya barabara tu iliyo kati yao? Lazima neno liwe moja, litoke juu."

"Litoke juu limfikie nani? Maiti?"

"Astaghfirullah, Mahrous!"

"Nasema kweli. Tabibu wa mahali ndiye amjuaye mgonjwa wake."

"Na tabibu wa mahali akiwa mwoga? Au akiwa hana dini? Ndiyo maana ya kamati."

Waliendelea hivyo. Walitaja sheria za Misri na za Tunis, na maneno waliyoyasikia redioni ya Amerika, kwamba kule nako majimbo na serikali kuu wanagombania jambo hilihili. Walikuwa wanazungumza vizuri, kila mmoja na hoja zake, na ilionekana wanafurahia. Turkiya alikuwa amesimama na birika mkononi, akihisi moyo wake unakwenda mbio, unajikwaa, unakwenda mbio tena.

"Na mimi je?" aliuliza.

Wote wawili walimtazama. Mahrous aliona haya kidogo. "Ah, shemegi, wewe kaa upumzike. Tuachie sisi. Kwani tunamzungumzia nani kama si wewe?"

Akaweka birika chini, akaenda chumba cha wanawake, akajilaza kwa mito mitatu, maana akilala sawasawa alikosa pumzi.

Jibu la Maskati lilichelewa, kisha likaja na swali. Kamati ilitaka kauli ya mabingwa wawili wa moyo, na mkoa ulikuwa naye mmoja tu, Bassam. Nizwa alikuwapo mwingine. Khattab akampeleka mkewe tena Nizwa, njia ya Izki, akisimamisha gari kila akisikia kikohozi chake kinazidi. Bingwa wa Nizwa alimpima akasema maneno yaleyale ya Bassam, tena kwa ukali zaidi: "Mnangoja nini?" Lakini kauli yake ilipofika Ibra, mkubwa wa hospitali alisema daktari wa Dakhiliyah, mkoa wa Nizwa, hana neno juu ya mgonjwa wa Sharqiyah, mkoa wa Ibra, mpaka Maskati waridhie. Wakapigiwa simu Maskati. Maskati wakasema hayo ni mambo ya mkoa, mkoa uyamalize wenyewe. Mkoa ukasema hauwezi kumaliza jambo ambalo kuamua kwake ni kwa makao makuu.

Dada yake Turkiya, Sheha, alikuwa mjane na duka lake la vitambaa Sur. Aliposikia, alifunga duka katikati ya wiki, akaendesha gari mpaka Ibra, akaingia ofisini kwa Bassam bila kubisha hodi.

"Daktari, salamu nitakupa baadaye," alisema, kwa Kiarabu kilichochanganyika na hasira. "Ndugu yangu anakufa, ndiyo au siyo?"

"Dada, nimeandika yote."

"Sikukuuliza umeandika nini. Ungekuwa mkeo ungengoja?"

Bassam aliinuka akafunga mlango. Akasema polepole, "Mke wangu yuko nami hapa, na watoto. Nikifanya bila ruhusa, kesho sisi sote tuko uwanja wa ndege. Na mimi si raia, dada. Nani atanisemea?"

Sheha alimwambia Turkiya maneno yale jioni, akidhani yatamkasirisha. Hayakumkasirisha. Alimhurumia yule daktari, kisha akajiona mjinga kwa kumhurumia, maana ilikuwa kama kila mtu katika jambo hili ana sababu nzuri, na sababu zao nzuri zote zimekaa juu ya kifua chake.

"Twende tukatafute mtu pembeni," Sheha alinong'ona. "Wapo. Nje ya nchi wapo."

"Kwa moyo huu? Nitafia mezani, halafu waseme nilikuwa nakimbia aibu." Akamshika dada yake mkono. "Sheha, mimi sifichi kitu. Nina mume. Nina ndoa. Kwa nini niende pembeni?"

Ruhusa ilifika. Ilifika kweli, na muhuri wake, asubuhi njema, na Khattab aliileta nyumbani akikimbia kama kijana. Kamati imekubali. Wakaenda hospitali moja kwa moja. Bassam aliisoma, akaisoma tena, kisha akampima Turkiya tumbo, na uso wake ukasawijika.

"Miezi minne imepita," alisema.

"Lakini wamekubali!" alisema Khattab.

"Wamekubali kwa hali ilivyokuwa nilipoandika. Sasa roho imekwisha pulizwa. Hapa hakuna muuguzi atakayeshika chombo. Na mimi..." Akaikunja ile karatasi. "Inabidi niwaulize tena Maskati."

Turkiya akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kitambaa alichokiweka mdomoni kikatoka na wekundu.

Mwezi wa sita wa mimba, siku ya skuli, Wijdan na Osama wakiwa masomoni, Turkiya alikuwa anapiga pasi kanzu ya Osama. Pasi ikamponyoka. Aliitazama sakafuni inaunguza zulia, akataka kuinama aiokote, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kumwita msichana wa kazi, akafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlio wa mbuzi. Jambo la mwisho alilolikumbuka ni harufu ya sufi inayoungua.

Kiharusi, walisema. Damu iliganda moyoni, ikapanda kichwani. Safari hii Maskati haikuchelewa. Alichukuliwa kwa helikopta, akapasuliwa, na mtoto akatolewa, kiumbe kidogo cha kike kilicholia kabla hakijaguswa. Wakamwita Basma.

Basma akaishi. Akanenepa. Baada ya miezi mashavu yake yalijaa, macho makubwa, anacheka na kila mtu. Wageni walipokuja kumtazama mgonjwa walimbeba yeye kwanza. "Subhanallah," walisema, "angalia hekima ya Mungu. Na huyu walitaka kumtoa!" Walisema wazi mbele ya Turkiya, kwa kuwa mtu asiyesema watu humdhani hasikii. Mama mkwe wake, Bi Ghanima, alimshika shavu akamwambia kwa huruma ya kweli, "Ungemuua huyu, mwanangu? Mshukuru Mola aliyekuchelewesha."

Alimpenda Basma, mapenzi ya kuumiza. Alimnusa kichwa, akamwekea kidole cha mkono wa kushoto akishike. Lakini kumnyanyua hakuweza, na kumwimbia hakuweza, na kila waliposema hekima ya Mungu, alijua wanatumia mtoto wake kumziba mdomo ambao tayari ulikuwa umezibwa.

Maneno yalianza kurudi mwaka uliofuata. Yalirudi kwa namna iliyowashangaza madaktari. Kiarabu alikielewa chote, akisomewa gazeti alifuata, lakini ulimini hakikuja. Kilichokuja kilikuwa Kiswahili cha mama yake, cha Bujumbura, cha jikoni na uani: maji, chumvi, njoo, nimechoka, sitaki. Mwalimu wa Kiarabu hakuweza kusema sabahu lkheri. Skuli ikamstaafisha kwa heshima na ngao ya shaba.

Sheha hakukubali yaishe hivyo. Alilalamika Maskati, akarudi akalalamika tena, mpaka akatumwa mtu kuja kumsikiliza mgonjwa. Aliitwa Yaarub, kijana mwenye adabu na kilemba kilichofungwa vizuri. Sheha siku ile alikuwa Sur. Khattab hakumwambia kwamba mgeni anakuja.

Yaarub alikaa, akanywa kahawa, akauliza hali, kisha akamgeukia Turkiya. "Ummu Wijdan, nimetumwa nikusikilize. Je, una malalamiko yoyote juu ya namna ulivyohudumiwa?"

Turkiya alikuwa ameyangoja maneno haya kuliko alivyongoja ruhusa. Alikusanya nguvu. Kwa Kiswahili, neno moja baada ya jingine kama mtu anayevuka maji juu ya mawe, akasema: "Nili... waambia. Nilisema itoe. Mimi... mwenyewe nilisema. Walijua. Wote walijua. Wakatupiana. Mimi si... mpira."

Jasho lilimtoka. Yaarub hakuelewa hata neno. Akamtazama Khattab.

Khattab alitazama mikono yake, kisha akasema kwa Kiarabu safi, "Anasema hana lawama kwa mtu. Anasema ni kadari ya Mungu, na anawashukuru madaktari."

Turkiya alisikia kila neno. "La!" alisema. Neno hilo lilikuwa limeokoka, lilikuwa la lugha zote mbili. Akapiga mkono wa kushoto kwenye kiti. "La! La!"

Yaarub akatabasamu kwa upole, akainamisha kichwa. "La, hana malalamiko," alisema, akaandika. "Mungu akulipe kwa subira yako, Ummu Wijdan."

Alipoondoka, Khattab alibaki amesimama mlangoni, amempa mgongo. "Ningesema nini?" aliuliza. "Jina langu liko ofisini. Na yule mtoto akikua, unataka akute imeandikwa kwamba mama yake hakumtaka?"

"Nili... taka kuishi," alisema Turkiya.

"Si umeishi?"

Turkiya alimwita Wijdan, akamwambia, "Simu. Sheha. Aje."

Sheha alikuja siku ya pili yake na gari lake. Wijdan alipanda mbele, Osama akakataa kumwacha baba yake, na Basma alilala juu ya mapaja ya mama yake, amefungwa kwa shuka asianguke. Wakashika njia ya Sur. Khattab aliwasindikiza mpaka barabarani, akawafungia mlango wa gari taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Watu wa Ibra walipomuuliza, aliwaambia hewa ya bahari inamfaa, na kwamba madaktari ndio waliosema hivyo.